Majani matatu uani kwako: ni poizoni aivi au mmea usio na neno? (Uzi wa walioko Marekani na Kanada)

Mtemakuni

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi huu nauandika kwa ajili ya ndugu zetu waliofika Marekani na Kanada miaka ya karibuni, hasa wanaofanya kazi za nje: kukata nyasi, kupogoa miti, kusafisha nyua za watu, kuweka uzio. Kila mwaka ikiingia Mei napigiwa simu na mtu ambaye mikono imemtoka malengelenge hadi kwenye viwiko, na ukimuuliza aliambiwa nini kazini, jibu ni lile lile: "ukiona majani matatu, kaa mbali."

Ushauri huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Huku nilipo, Maryland, mimea ya majani matatu imejaa kila uchochoro, na mingi haina madhara. Mtu akiogopa yote hawezi kumaliza kazi. Baada ya muda anachoka kuogopa, anaanza kushika yote, na hapo ndipo anapoushika wenyewe, yaani poizoni aivi, mmea unaowatoa watu hayo malengelenge.

Poizoni aivi, kwa jina la kitaalamu *Toxicodendron radicans*, inaota karibu eneo lote la mashariki ya Marekani na kusini mashariki mwa Kanada. Ina ndugu yake wa kaskazini na magharibi, *Toxicodendron rydbergii*, ambayo haipandi miti, inabaki kichaka kifupi. Kinachodhuru ni mafuta yanayoitwa urushioli. Yamo kwenye majani, shina, mizizi na matunda, kiangazi na baridi, hata mmea ukiwa umekufa na kukauka. Hayana harufu, na yakikugusa huhisi chochote wakati huo.

Mimi rangi siitazami kwanza, maana inadanganya. Majani machanga ya Aprili yana wekundu na yanang'aa, ya Julai ni ya kijani na mengi yamefifia, ya Oktoba ni ya manjano, ya chungwa au mekundu. Kingo za jani nazo zinadanganya: kwenye mmea mmoja utakuta jani lenye kingo laini kabisa na jirani yake lina meno makubwa machache. Natazama maungio.

Jani moja limegawanyika vipande vitatu. Kipande cha kati kina kikonyo chake kirefu kinachokisogeza mbele. Viwili vya pembeni havina kikonyo cha kuonekana, vimekaa karibu kabisa na kikonyo kikuu. Kisha utazame umbo la hivyo viwili vya pembeni: nusu ya nje ni pana kuliko nusu ya ndani, na mara nyingi upande wa nje una pengo moja linaloacha kitu mfano wa kidole gumba cha glavu. Kipande cha kati kimelingana pande zote mbili.

Halafu ufuate kikonyo kikuu kwa macho hadi kwenye shina, uone majani yameshikaje. Ya poizoni aivi yanapishana: moja kushoto, linalofuata kulia juu kidogo. Hayakai mawili mawili yakitazamana. Shina halina mwiba hata mmoja. Matunda yakiwepo ni madogo, meupe au ya rangi ya krimu, yamekaa vishada. Ukiona matunda mekundu au ya bluu, huo ni mmea mwingine.

Mkiwa na mmea hamuuelewi, uelezeni hapa au wekeni picha. Msiung'oe kwanza ndipo muulize.

MwanaKitale

Asante sana boss kwa hii mada, imekuja wakati mzuri. Mimi niko Minnesota. Nyuma ya nyumba tunayopangisha kuna kitu kimeota kando ya uzio, majani matatu matatu, kingo zina meno, kipande cha kati kina kikonyo chake. Niliposoma maelezo yako nikaona yanafanana kabisa. Watoto wanacheza mpira hapo na unaingia huko kila mara. Nimeweka picha, lakini si nzuri sana, simu yangu kamera imepasuka.

Mtemakuni

Picha nimeiona kaka, haionyeshi shina. Rudi hapo bila kushika, chuchumaa, uniambie mambo mawili. Pale kikonyo cha jani kinapoingia kwenye shina, ng'ambo ya pili kuna jani jingine limetoka usawa ule ule, au liko juu zaidi? Na shina lenyewe ni la rangi gani?

MwanaKitale

Nimeenda. Majani yanatazamana, mawili mawili, kila mahali. Shina ni la kijani, na nikiangalia vizuri lina kama unga mweupe juu yake. Halafu mti mdogo wa pili pembeni, shina lake ni kama la huu, lakini majani ya juu yana vipande vitano.

Mtemakuni

Basi lala usingizi. Hicho ni kimche cha boksielda, mti wa jamii ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kikiwa kichanga kinatoa majani ya vipande vitatu, na hata mtu mzoefu akikitazama kutoka juu anaweza kudhani ni poizoni aivi. Kikikua kinaanza kutoa vipande vitano na zaidi. Kinachokiumbua ni hayo majani kutazamana. Poizoni aivi haifanyi hivyo kamwe. Kama hutaki mti hapo kwenye uzio king'oe sasa, maana kinakua haraka, lakini watoto hakiwadhuru.

Kwa kuwa uko Minnesota, zoea pia kutazama chini. Hiyo ndugu yake ya kaskazini mtaiona kando ya njia za kutembea msituni na kwenye fukwe za maziwa, inafika magotini au chini ya hapo, haina kamba ya kupanda mti. Wengi wanatafuta kamba, wasipoiona wanakaa juu yake.

Bint wa Newala

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu kuna jambo limenishangaza mwaka jana. Niko Ohio, nilipata hao malengelenge mkononi baada ya kupalilia bustani ya bibi mmoja mzungu, na nilipoyaona nikasema haya nayajua tangu utotoni. Ni yale yale ya korosho! Kwetu Newala tukichoma korosho nyumbani, mafuta ya ganda yakikurukia ngozi inababuka, na moshi wake watoto wanafukuzwa wasiukaribie. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanapaka majivu viganjani ili yale mafuta yasiwashike. Je, kuna uhusiano au ni macho yangu tu?

Mtemakuni

Uhusiano upo dada yangu, na umeuona vizuri. Poizoni aivi, mkorosho na mwembe ni familia moja, wataalamu wanaiita Anacardiaceae. Mafuta ya ganda la korosho yana kemikali zilizo karibu sana na urushioli. Utomvu wa embe, ule unaotoka kwenye kikonyo na kuunguza midomo ya watoto wanaokula embe kwa meno bila kumenya, nao umo humo humo. Na hata neno urushioli limetokana na Kijapani, kwa mti ambao utomvu wake wanautumia kupaka vyombo vya mbao ving'ae, nao ni wa familia hii.

Kwa hiyo mtu aliyewahi kushikwa vibaya na poizoni aivi awe mwangalifu na ganda la embe. Nyama ya embe yenyewe kwa kawaida haina neno ukimenyewa na mtu mwingine. Korosho zilizokwisha kuchomwa na kubanguliwa zinaliwa bila shida, maana mafuta yale yako kwenye ganda.

Kigogo wa Houston

Mimi nina maswali ya kizamani. Nimezaliwa Dodoma, upupu naujua. Upupu ukikugusa unawashwa hapo hapo, unarukaruka. Hapa nimeshashika hayo majani mnayoyasema, tena kwa mikono mitupu, mwaka wa kwanza nilipofika, na sikuwashwa chochote. Nadhani sisi damu yetu ni nguvu. Pili, jamaa ninayefanya naye kazi alipopata, malengelenge yalipopasuka yale maji yakasambaa yakamwenea tumboni. Na mimi nimeacha kumpa mkono. Nieleweshe.

Dada Muuguzi

Kaka Kigogo, naomba nikujibu mimi, hii ni kazi yangu.

Upupu na huu mmea vinafanya kazi tofauti kabisa. Upupu una vinyweleo vinavyochoma ngozi, ndiyo maana unawasha papo hapo na unamwasha kila mtu. Poizoni aivi haichomi. Mafuta yanaingia kwenye ngozi, na kinga ya mwili wako ndiyo inayoyashambulia, na katika kuyashambulia inaumiza ngozi yako. Kinga inahitaji kwanza kujifunza adui. Mara ya kwanza mtu anaweza asione kitu, au upele ukamtoka baada ya wiki mbili au tatu akiwa ameshasahau alishika nini. Kinga ikishajifunza, mara zinazofuata upele unatoka kati ya siku 1 hadi 3. Hii si habari ya damu yenye nguvu. Watu wengi sana, karibu 8 katika kila 10, watashikwa wakigusa vya kutosha, na aliyekuwa hashikwi jana anaweza kushikwa kesho. Tafadhali usiendelee kushika kwa mikono mitupu.

La pili: maji ya malengelenge hayana urushioli. Hayamwambukizi mtu na hayasambazi upele mwilini. Mpe mwenzako mkono. Kinachofanya ionekane kama unasambaa ni mambo mawili. Ngozi nyembamba ya tumbo na mapaja inapokea mafuta kwa namna tofauti na ngozi nene ya kiganja, kwa hiyo vipele havitoki siku moja. Na la pili, mtu anaendelea kujipaka mafuta mapya bila kujua, kutoka kwenye viatu, mpini wa jembe, usukani wa gari, simu, au manyoya ya mbwa. Mafuta haya yanakaa kwenye vifaa kwa muda mrefu, hata miaka, kama havijasafishwa.

Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vya huku havilisemi wazi. Picha zote wanazoonyesha ni za ngozi nyeupe, upele mwekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Tazama mistari: vipele na malengelenge yaliyojipanga mstari pale jani lilipopita, uvimbe, na mwasho usiokuacha ulale. Wengine wanapata vitone vyeusi juu ya ngozi, hayo ni mafuta yenyewe yaliyogeuka rangi kwa hewa. Na upele ukipona unaacha alama nyeusi ambazo huchukua miezi kufifia, hasa ukijikuna. Nimeona watu wetu wakiambiwa ni kunguni au ni upele wa kawaida kwa sababu tu wekundu haukuonekana. Ukienda kliniki mwambie daktari ulishika nini, wapi na lini, usimwachie akisie.

Kigogo wa Houston

Nimekuelewa dada, na nashukuru. Sasa mtu akishagusa afanye nini? Huku watu wananawa na kitu chochote, wengine wanatafuta majani fulani ya porini wajipake.

Dada Muuguzi

Anawe haraka. Dakika 10 za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, baada ya nusu saa mafuta mengi yameshaingia. Lakini hata ukichelewa nawa tu, maana yaliyobaki juu ya ngozi yatahamia kwingine. Tumia maji mengi yasiyo ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa sababu unachokiondoa ni mafuta. Sugua kwa kitambaa, tena na tena, na usisahau chini ya kucha. Fikiria grisi ya gari mikononi: kumwagia maji peke yake hakuiondoi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Upele ukishatoka, kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini, au krimu ya haidrokotizoni kwa upele mdogo. Krimu za kuzuia mzio za kupaka na zile za ganzi ziacheni, zinaweza kuanzisha mzio mwingine juu ya huu. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi vinaweza kukusaidia ulale, lakini haviondoi mwasho wenyewe.

Nenda hospitali bila kusubiri kama upele uko usoni, karibu na macho au sehemu za siri, kama uso unavimba, kama unatoa usaha, au kama unapumua kwa shida. Daktari akikupa vidonge vya prednisoloni au prednisoni, vimalize kama alivyoandika. Mara nyingi ni wiki 2 hadi 3 kwa kupunguza polepole. Wanaopewa vya siku chache, au wanaoacha wakiona nafuu, upele huwa unarudi kwa nguvu.

Papa Bukavu

Jambo yenu wandugu. Miye niko Ontario. Naomba mniruhusu niseme jambo la moshi, kwa sababu dada wa Newala alitaja moshi ya korosho na hakuna mtu alilishika.

Siku za jua tunakusanyika familia mingi, tunachoma nyama. Vijana wanatumwa kuokota kuni kando ya pori. Sasa wale vijana wanakata kila kitu kilicho kikavu, pamoja na zile kamba zinazozunguka mti. Kijana wa rafiki yangu alikaa karibu ya moto kama huo, kesho yake uso ilivimba hata macho haikufunguka, na kifua kikamuuma. Alilazwa. Daktari alisema ni ile majani, aliivuta na moshi.

Mtemakuni, eleza watu namna ya kujua ile kamba wakati haina majani. Hii ndiyo naona ni kubwa kuliko yote.

Mtemakuni

Mzee wangu, asante, na pole sana kwa kijana. Hilo nilipaswa kulipa nafasi ya peke yake, nalipa sasa.

Mafuta haya moto hauyamalizi. Yanapanda na chembe za moshi, yanaingia puani, kooni na mapafuni. Ngozi ikivimba unapata usumbufu, mapafu yakivimba ni habari ya kufa na kupona. Kwa hiyo: poizoni aivi haichomwi. Mbichi, kavu, mizizi, kamba iliyokatwa miaka iliyopita, yote haichomwi.

Kamba ya zamani iliyopanda mti ni rahisi kuitambua ukiwa umeonyeshwa mara moja. Inapanda ikiwa imeng'ang'ania gome, na imefunikwa na vijizizi vingi vyembamba vya rangi ya kahawia, vimejaa kiasi kwamba shina linaonekana lina manyoya. Kamba nene inaweza kufika unene wa mkono wa mtu mzima. Juu inatoa matawi yanayochomoza kwa pembeni mbali na mti, hata watu wanadhani ni matawi ya mti wenyewe. Ukiona kamba ina manyoya, hiyo si kuni. Na gogo lililokuwa na kamba hiyo nalo usilichome hata ukishaibandua, kwa sababu vijizizi vimebaki kwenye gome.

Wakati wa baridi kamba nyingine zinazopanda miti ni zabibu pori, ambayo gome lake linachanika vipande virefu na haina manyoya, na Virginia kripa, ambayo nitaieleza maana ndiyo inayochanganya watu kuliko zote.

Mama Asha DMV

Ndiyo, hiyo Virginia kripa tafadhali. Ukuta wa jengo letu umefunikwa, na majirani wamegawanyika. Mmoja ameweka bango la hatari, mwingine anasema ni pambo. Wanangu wamekatazwa kupita upande ule, wanazunguka barabarani kwenye magari, na mimi naona hatari ya magari ni kubwa zaidi.

Mtemakuni

Mama Asha, nenda kahesabu. Virginia kripa ina vipande vitano kwa kila jani, vyote vikitoka kwenye nukta moja. Tatizo ni kwamba majani machanga, hasa ya chini, wakati mwingine yana vipande vitatu tu. Ndiyo maana usitazame jani moja, tembea na mmea mzima. Ukikuta jani lenye vipande vitano kwenye shina lile lile, umemaliza kesi. La pili, tazama inavyoshika ukuta: inatoa vikono vyembamba vilivyogawanyika, na mwisho wa kila kikono kuna kidoa cha duara kilichogandia ukuta. Poizoni aivi haina vikono wala vidoa, ina manyoya. La tatu, matunda ya kripa ni bluu nyeusi.

Watoto wasiyale hayo matunda, yana sumu tumboni, na utomvu wake unawasumbua watu wachache wenye ngozi nyepesi. Kupita karibu yake hakuna neno lolote.

Ila angalizo moja, na hili ni la uzoefu wa kazi: mimea hii miwili inapenda kuota pamoja. Nimekuta mti mmoja umepandwa na kripa upande mmoja na poizoni aivi upande wa pili, majani yameingiliana. Ukiona vipande vitano usiseme ukuta wote ni salama. Tembea nao kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mama Asha DMV

Nimetembea ukuta wote na mume wangu. Vipande vitano kila mahali, vidoa vimegandia matofali, manyoya hakuna. Jirani mwenye bango nimemwita tukatazama pamoja, bango ameliondoa mwenyewe. Allah akulipe kheri.

MwanaKitale

Na vitu vya kula? Mke wangu anapenda kuchuma blakiberi na rasiberi za porini, nazo ziko na majani matatu.

Mtemakuni

Hizo ndizo rahisi kuliko zote: zina miiba. Pitisha macho kwenye shina na kwenye kikonyo cha jani, utaona miiba au vinyweleo vigumu. Jani la rasiberi ukiligeuza chini ni jeupe. Stroberi pori iko chini kabisa ardhini na kingo zake zina meno mengi yaliyopangana sawasawa. Lakini poizoni aivi inaota katikati ya blakiberi bila shida, kwa hiyo mkono usiingie kichakani kabla ya macho. Avae mikono mirefu.

Walioko kusini, Georgia na Carolina, watakutana na kudzu nayo ina vipande vitatu. Ile ni ya jamii ya maharage, ina vinyweleo laini kwenye majani na mashina machanga, na inajizungusha kwenye chochote kama maharage yanavyojizungusha kwenye mti. Haina shida kwa ngozi. Kuna pia sumaki yenye harufu (si sumaku ya kunasa chuma, ni mmea, kwa Kiingereza "fragrant sumac"), kichaka ambacho jani lake karibu ulichanganye na poizoni aivi, lakini kipande chake cha kati hakina kikonyo kirefu, na matunda yake ni mekundu yenye vinyweleo.

Kuna jaribio la karatasi linalosaidia ukibaki na shaka. Vaa glavu nene, chukua karatasi nyeupe, ikunje juu ya jani, uliponde humo ndani hadi utomvu utoke. Kama ni poizoni aivi, doa litageuka kahawia ndani ya dakika chache na baadaye litakuwa jeusi kabisa. Glavu na karatasi vyote vinaingia kwenye mfuko wa takataka. Mtu asiyezoea asifanye jaribio hili, aulize kwanza.

Bint wa Newala

Bibi ninayemfanyia kazi anasema zamani haikuwa mingi hivi. Ni kweli au ni maneno ya wazee?

Mtemakuni

Bibi ana hoja. Watafiti walipandisha kiwango cha hewa ya kaboni dayoksaidi kwenye kipande cha msitu wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, wakatangaza matokeo mwaka 2006: poizoni aivi ilikua kwa kasi zaidi, na urushioli yake ikawa kali zaidi. Halafu mmea huu unapenda ukingo, pale msitu unapokatwa na barabara au nyumba, na huko ndiko watu wanakojenga. Ndege wanakula matunda yake na kupanda mbegu chini ya kila uzio.

Kigogo wa Houston

Mimi mgogo, naomba kuuliza kuhusu mifugo. Mbuzi wanaila?

Mtemakuni

Wanaila na hawapati kitu, hata paa wa huku wanaila. Kuna watu Marekani wanakodisha makundi ya mbuzi kwa ajili ya kusafisha viwanja vyenye poizoni aivi, na ni kazi halali yenye pesa kwa mtu anayejua kuchunga. Ila usimkumbatie mbuzi akitoka huko, mafuta yako kwenye manyoya. Na mizizi inabaki, itachipua, kwa hiyo mbuzi lazima warudi.

Papa Bukavu

Na mtu asiyekuwa na mbuzi, anaitoa namna gani? Kama haichomwi, inaenda wapi?

Mtemakuni

Miche midogo, mzee wangu, ngoja udongo uloane baada ya mvua, vaa glavu za mpira nzito zinazofika kwenye kiwiko, mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, ung'oe pamoja na mzizi wote. Kipande cha mzizi kikibaki kitachipua. Tia kila kitu kwenye mfuko mzito wa plastiki, ufunge, upeleke kwa taka za kawaida kama sheria za mji wako zinaruhusu. Usitie kwenye lundo la mboji, na usipitishe kwenye mashine ya kusaga matawi. Mashine ya kufyekea kwa uzi ndiyo mbaya kuliko zote, inakurushia utomvu miguuni na usoni.

Kamba nene iliyopanda mti usiivute. Ikate chini kwa msumeno wa mkono, toa kipande cha urefu wa kiganja ili pande mbili zisikutane, uache ya juu ikauke yenyewe mtini. Kisiki kitachipua, rudia kukata. Ukimaliza, osha msumeno kwa sabuni ya vyombo ukiwa bado umevaa glavu, futa mpini kwa spiriti, halafu ndipo uvue glavu kwa kuzigeuza ndani nje. Nguo zivue kwenye mlango wa mashine ya kufulia, usipite nazo sebuleni ukakalia kochi.